Matanga ya Ziwa Ndalaga

Ndalaga, tarehe 6 Julai 2025

Binti yangu Bénédicte,

Nakusalimu wewe, na bwana yako Christian, na mtoto. Sisi huku tuko hai. Barua hii nampa Katembo, yule mfanyabiashara wa Butembo anayepitisha chumvi na sabuni pande zote mbili. Simu zetu zilichukuliwa kwenye barrière, kizuizi chao cha njiani, na hata zingebaki, antena ya kilimani iliungua.

Nina habari ambayo utaicheka ao utaikasirikia. Mashindano ya matanga yanarudi. Komanda Prince, mkubwa wa hawa wenye bunduki walioshika kilima tangu mlipokimbia, aliingia mahali ninapofanyia useremala akaziona zile mashua kuukuu ambazo wazungu wa kahawa walituachia. Akapiga ubao kwa kiatu. "Muzee, hizi bintu zingali zinaelea?" Nikamwambia zikipata lami na mikono, zitaelea. "Basi siku ya Assomption, tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, wageni watatoka mjini kuona kama huku iko amani. Utabaonyesha matanga."

Hakuniuliza kama ninataka.

Mashua nne zinaweza kusimama. Solange, mashua yetu, ndiyo nzima kuliko zote, ila tanga lake limepasuka pale ulipolishona mwaka ule uliposhinda. Nitumie uzi mgumu na kitambaa kizito. Tutakuwa wawili ndani yake, mimi kwenye usukani na mdogo wako Estelle kwenye kamba.

Baba yako,
Barthélemy


Mpofi, tarehe 14 Julai 2025

Papa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena. Uzi nimetuma. Kitambaa ni kile nilichokuwa ninashonea mifuko ya shule, ni kizito, kitashika upepo. Lakini Papa, unamfanyia nani mchezo? Watu wamelala chini ya turubai, sisi wenyewe tulitembea kutoka huko na mtoto mgongoni, na wewe unapaka lami mashua ili wageni wa mjini wapige picha?

Mambo ya mashua yapite. Ninauliza juu ya Estelle. Ana miaka kumi na saba. Wanawake waliofika hapa kutoka pande zenu wanasema huyo Komanda Prince hachukui mbuzi, anachukua wasichana. Wanasema amekwisha kumchukua Nicole, yule wa mama muuza mahindi, na baba yake alipomficha mdogo wa Nicole, nyumba tatu ziliungua siku hiyohiyo. Ni kweli? Amemwona Estelle? Amesema neno?

Umtume kwangu, Papa. Katembo anaweza kumleta, amzungushie kanga kichwani, aseme ni mke wa ndugu yake. Mama angekuwa hai asingekubali alale huko hata siku moja zaidi.

Ninangoja jibu. Usiniandikie habari za lami.

Bénédicte


Ndalaga, tarehe 23 Julai 2025

Bénédicte,

Barua yako ilisomwa kwenye barrière kabla ya kunifikia. Komanda Prince mwenyewe alinisomea, na kwa sauti, mbele ya watu wake. Alicheka sana pale pa mbuzi. Akaniambia: "Binti yako iko na kinywa. Mwambie sisi tuko batu bazuri." Kwa hiyo ninakwambia: wao ni watu wazuri. Estelle yuko salama, hakuna mtu aliyemgusa, na hatatoka hapa. Atakuwa mashuani siku ya fête, sikukuu yao, Komanda ametaka hivyo, na mimi nimetaka hivyo.

Tangu leo uniandikie mambo ya kushona tu.

Kitambaa ni kizuri. Tunafanya mazoezi kila siku saa za mchana, upepo unaposhuka kutoka milimani na kuzungukazunguka pale nyuma ya ncha ya mawe. Ni mahali pabaya, unapakumbuka. Ninaogopa kidogo kwa ajili ya mdogo wako, maana unajua hajui kuogelea, akianguka atazama kama jiwe. Lakini nitakuwa karibu naye.

Marraine Augustine, mama wa ubatizo wa mdogo wako, anakusalimu. Ndiye anayetupikia siku hizi.

Barthélemy


Mpofi, tarehe 2 Agosti 2025

Papa,

Nimemwonyesha Christian barua yako, ameisoma mara mbili. Hiyo si sauti yako. "Watu wazuri"! Na hicho ulichoandika juu ya Estelle kimeniogopesha kuliko vyote. Umesahau? Ao ugonjwa wa babu umekuanza? Estelle anaogelea kuliko sisi wote! Alikuwa anapita chini ya mashua toka upande huu mpaka upande ule na sisi tunaanza kulia juu, kisha anatokea kwenye mafunjo akitucheka. Wewe mwenyewe ulimfunza. Mtu anayesahau hilo anawezaje kushika usukani na mtoto ndani?

Kama kichwa chako kimechoka, sema. Nitakuja kumchukua mimi mwenyewe.

Bénédicte


Ndalaga, tarehe 9 Agosti 2025

Bénédicte,

Katembo anasema alikuwa na barua yako lakini pikipiki ilianguka mtoni na karatasi ikayeyuka. Sijui uliandika nini. Ikiwa ni neno zito, shukuru mto.

Usije. Ninarudia, usije.

Wageni watafika Ijumaa. Watu wa Komanda wamepaka chokaa mawe ya njia na wamefunga bendera kwenye gati. Kila mashua inakaguliwa, wanaandika nani yuko ndani, na pirogi yao, ule mtumbwi wenye mota, itatufuata. Jana Komanda alinishika bega, akaniambia kisha fête tutazungumza, yeye na mimi, kama wakwe.

Solange haingizi maji.

Barthélemy


Ndalaga, tarehe 17 Agosti 2025

Bénédicte mwanangu,

Kaa chini kabla ya kusoma. Mdogo wako ametutoka.

Siku ya Assomption, kwenye mzunguko nyuma ya ncha ya mawe, upepo ulituzunguka, Solange akapinduka. Mimi nilishika mbavu za mashua. Estelle sikumwona tena. Nililia mpaka pirogi ya mota ikaja. Walipiga mafunjo kwa miti, wakakokota nyavu, wanakokota hata leo. Ziwa halijamtoa.

Tuliwaita watu waje kwa matanga, wamebaki kwa matanga. Wamelala uani kwetu, Marraine Augustine hana tena sauti. Komanda Prince naye amekuja. Alikaa mbele yangu kwenye kiti muda mrefu, akinitazama usoni. Alikuwa na huzuni. Aliniuliza: "Na dada yake, amejua?" Nikasema sasa njo ninamwandikia.

Usije kwa kilio. Njia ni mbaya. Lia huko.

Baba yako


Mpofi, tarehe 22 Agosti 2025

Barthélemy,

Sikuiti Papa.

Katembo aliniletea karatasi yako akakimbia kwenda kwenye pikipiki yake bila kunitazama. Nimeisoma mbele ya majirani na nimepiga kelele mpaka mtoto akaanza kutetemeka. Nilikwambia. Nilikuandikia umtume kwangu, ukaniambia nikuandikie mambo ya kushona! Umemuua mdogo wangu kwa ajili ya mbao za wazungu na makofi ya wageni. Umemvisha tanga nililolishona kwa mikono yangu ukamtia nalo majini.

Wewe ulishika mbavu za mashua. Yeye alishika nini?

Nimemtoa Mama kwenye kaburi lake katika mawazo yangu ili aone, na amekugeuzia mgongo. Usije Mpofi. Ukifa huko, wasinitumie habari. Na hao watu wako wazuri wakisoma hii, wasome vizuri: wewe na wao mko sawa.

Aliyekuwa binti yako,
Bénédicte


Mpofi, tarehe 4 Septemba 2025

Papa,

Ninakuandikia mambo ya kushona.

Kile kitambaa ulichonitumia kimefika juzi asubuhi. Kilipita njia ya msitu, mwindaji mmoja wa Walikale alikileta mpaka mlangoni. Kimelowa, kimechanwa na miiba hapa na pale, lakini hakikupasuka. Nimekifua kwa maji ya moto. Nimekilaza karibu na moto, na mimi nimekaa karibu nacho, sikutoka.

Christian amefunga mlango wa mbele. Sitakionyesha kwa wateja.

Ile barua yangu ya mwisho, Papa, sina maneno.

Bénédicte


Buleusa, tarehe 12 Oktoba 2025

Binti zangu wawili,

Leo ninaandika bila mtu juu ya bega langu. Niko Buleusa, kwa fundi mmoja wa mbao tuliyejuana zamani. Kisha kuondoa matanga, Komanda alitaka nimtengenezee mashua mpya, kwa kuwa wageni walipenda. Nikamwambia mbao za mashua haziko tena kwetu Masisi, lazima nikachague mti mwenyewe huku msituni. Akanipa karatasi ya kupita na watu wawili wa kunichunga. Njiani tulikuta mapigano, wale wawili wakakimbilia kwao na mimi nikakimbilia huku. Marraine Augustine alikuwa ametangulia kwa binti yake Butembo, asibaki mtu wa kuulizwa.

Bénédicte, ninajua mdogo wako amekueleza. Lakini uisikie kwangu pia.

Komanda alikuja nyumbani mwezi wa sita. Alikunywa chai ya Augustine, akamtazama Estelle akipita na ndoo, akaniambia: "Huyu atakuja kukaa kwangu kisha fête." Vile mtu anavyosema atanunua baiskeli. Uliuliza kama ni kweli juu ya zile nyumba tatu. Ni kweli. Nililala ninazihesabu nyumba za jirani zangu, nikiwaza ni zipi zitaungua nikimficha. Msichana aliyekimbia, wanamtafuta, na wasipompata wanachukua wengine. Msichana aliyekufa hawamtafuti. Ndiyo maana ilibidi afe, na afe mbele ya macho yao, na katika mchezo walioutaka wao.

Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba hajui kuogelea, nikijua Komanda atasoma. Sikuwaza kwamba wewe utanisahihisha! Tangu ile barua yako iliyomtaja kwa jina, Katembo anasoma kila barua kabla ya barrière. Anasema lazima ajue kama amebeba chumvi ao kifo. Aliposoma ile yako, aliitafuna kipande kwa kipande pale kwenye daraja, kisha akaisukuma pikipiki yake majini ili alowe kweli. Mtu yule hatukumwambia neno. Alielewa mwenyewe.

Na siku yenyewe. Upepo ulikuwa mkali kuliko nilivyoomba. Tulipopita ncha ya mawe nilimwambia, "Sasa." Akaniambia, "Papa, ninaogopa." Nikamwambia na mimi ninaogopa, vuta pumzi. Nikaachia usukani, nikaegemea upande usiofaa, Solange akalala ubavu kama ng'ombe. Kisha kweli sikumwona tena. Hilo sikulidanganya. Nilimwita kwa jina na sikujua kama ninaigiza ao ninamtafuta. Mpaka barua yako ya kitambaa ilipofika, mwanangu, sikujua. Nilikaa kwenye matanga siku zile zote bila kujua kama ni uongo ao ni kilio cha kweli. Mwindaji niliyempanga amngoje mafunjoni hakuweza kunitumia neno. Komanda alipokaa mbele yangu akinitazama kama ninalia sawasawa, nililia sawasawa.

Hakuamini, hata hivyo. Alitoa watu kwenye nyavu akawaweka kwenye njia za msitu. Siku ileile barua yako ikafika, ile ya kuniita Barthélemy. Aliisoma peke yake mara ya kwanza. Kisha akaniita, akanisomea yote, neno kwa neno, mbele ya wazee, na mimi nimesimama. Alipofika pale, "Yeye alishika nini?", aliacha kusoma. Akaikunja. Akaniambia: "Pole, muzee," akarudisha watu wake kutoka njiani.

Ndiyo sababu sikukwambia. Nilijua utaniandikia hivyo. Nilijua hakuna mtu anayeweza kuigiza hasira yako. Nimekutumia kama ngao, Bénédicte, na wewe hukuwa umekubali. Juu ya hilo sitaki uniombe msamaha, mimi njo nauomba.

Mvua zimeanza. Njia ya kutoka hapa mpaka kwenu ina watu wa kila bunduki. Niambieni kama nije ao ningoje.

Baba yenu,
Barthélemy


Mpofi, tarehe 20 Oktoba 2025

Papa,

Ni mimi. Bénédicte ananiachia karatasi hii, anasema yeye ameandika vya kutosha katika maisha yake. Amekaa hapa, analia, anajifanya anapanga vifungo.

Unasema hukujua kama niko hai. Na mimi ninataka ujue nilikuwa wapi.

Nilitokea kwenye mafunjo kama ulivyoonyesha, lakini mwindaji hakuwa amefika. Nilikaa ndani ya maji mpaka shingoni. Baridi ya Ndalaga unaijua, meno yalikuwa yanagongana mpaka nikayafunga kwa mkono. Nilikusikia ukiniita. Nilikusikia vizuri, Papa, na kila uliponiita kinywa changu kilitaka kufunguka. Kisha nikasikia kelele za wanawake kwenye gati, na sauti ya Marraine juu ya zote, akiuliza nani atamfumba macho. Nilisikiliza nikililiwa. Niliwaza, labda nimekufa kweli, na hivi njo inavyokuwa.

Pirogi ya mota ikaingia mafunjoni. Walikuwa watatu, wanachoma maji kwa miti. Mti mmoja ulipita kati ya mkono wangu na mbavu. Aliyeushika aliinama. Alikuwa kijana tu, na kofia yenye kamba chini ya kidevu. Macho yake yalikuwa hapa, na yangu hapa, kama ninavyoiona taa hii. Alibaki hivyo. Kisha akainuka akawaambia wenzake: "Huku hakuna kitu." Wakaenda, na usiku mwindaji akaja akanitoa.

Sijui kama aliniona. Bénédicte anasema hakuona, jua lilikuwa linampiga usoni. Christian anasema aliona, na kwamba Mungu yuko kila mahali, hata ndani ya pirogi ile. Mimi ninajua tu kwamba mtu yule yuko mahali fulani, anakula, analala, na labda anajua. Siku akikasirikiwa ao akilewa, anaweza kusema. Kila pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, ninaingia chini ya meza ya cherehani.

Hapa wananiita Astrid. Juma lililopita nilikwenda sokoni nimejifunika, mama mmoja wa kwetu, yule muuza ndizi wa karibu na gati, akaniona. Alifanya ishara ya msalaba, akaacha ndizi zake akakimbia. Watu walicheka. Bénédicte hakucheka. Aliziokota zile ndizi, akaziweka vizuri, kisha akanishika mkono tukarudi njia ya nyuma. Tumeamua kusogea mbele, mpaka Walikale mjini, kabla yule mama hajapata wa kumsimulia. Christian amekwenda kutafuta chumba.

Kwa hiyo usingoje, Papa. Kuja. Pitia kwa Katembo, anajua barrière zipi zinalewa saa ya mchana. Tutakungoja hapa mpaka mwisho wa mwezi, hata majirani wakianza kuuliza.

Neno moja tu. Nimezoea kutojibu. Mtoto wa Bénédicte alisahau siku moja akaniita kwa jina langu, na mimi nikabaki nimekaa, sikugeuka, kama wanamwita mtu mwingine. Ninaogopa jambo hilo kuliko Komanda. Ukifika usibishe hodi kwa sauti ya chini. Simama mlangoni uniite. Ukiona sijibu, niite tena.

Estelle